Diski ya nje na kamera zinakatika kwa pamoja: poti mbovu au kontrola ya USB?

Mlangomrefu: Wakuu habari zenu. Naombeni msaada, kazi zangu zote ziko kwenye diski ya nje. Natumia kompyuta ya mezani, Windows 10. Nikianza kuhamisha mafaili makubwa, diski inajitoa yenyewe, na kamera nayo inazima papo hapo. Kibodi na mausi haziguswi. Waya nimebadilisha, bado. Poti zimekufa?

Waya_Mbili: Futa kontrola zote za USB (chipu zinazoendesha poti) kwenye Device Manager, ile orodha ya vifaa ya Windows, washa upya, Windows itazirudisha.

Kitasa: Mkuu, hapo uwe mwangalifu. Ukifuta zote, kibodi na mausi za USB zinazima hapo hapo, unabaki na kitufe cha kuwashia tu.
Mleta uzi, poti ikifa huwa inakufa peke yake. Vifaa viwili vikianguka kwa mpigo, tafuta vinapokutana. Kwenye Device Manager ingia View, chagua Devices by connection. Utaona kila kifaa kiko chini ya kontrola ipi. Bodi mama za zamani kidogo zina aina mbili za kontrola, EHCI kwa USB 2.0 na xHCI kwa 3.0, za sasa xHCI inabeba kila kitu, na baadhi zina chipu ya ziada kwa poti chache.

Salome_IT: Umeme pia msiusahau. Poti ya USB 2.0 inatakiwa kutoa miliampia 500, ya 3.0 inatoa 900. Diski isiyo na adapta yake ikikosa umeme inajitoa vilevile.

Mlangomrefu: Kitasa, ni kweli! Kuna xHCI mbili. Diski na kamera ziko kwenye ya pili, kibodi na mausi kwenye ya kwanza. Nimehamishia diski kwenye poti ya kontrola ya kwanza, imekopi mpaka mwisho na kamera haikuzima.

Kitasa: Safi, basi diski yako nzima. Sasa chukua draiva (programu inayoendesha kifaa) ya hiyo kontrola ya pili kwenye tovuti ya waliotengeneza bodi. Ikigoma, washa Linux kutoka kwenye flashi, rudisha diski kwenye poti ya kontrola ya pili, kopi, kisha fungua terminal uandike dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo. Ukiona "xHCI host controller not responding, assume dead" hata huko, ujue si Windows, ni chipu yenyewe. Bodi usibadilishe, kadi ya PCIe (ya kuchomeka kwenye bodi) yenye kontrola yake inatosha.