Rudini kijijini mkalime: haya, nilirudi. Tuongee ukweli

Wadau, kila siku vijana tunaimbiwa mmejazana Dar kuuza maji kwenye foleni wakati ardhi ipo kijijini. Mimi nikatii. Msimu uliopita nikakodi eka mbili Ilula, Iringa, nikapiga nyanya, zikakubali, mzigo nikashuka nao mwenyewe mpaka Dar. Saa kumi alfajiri sokoni dalali kaja na tochi ya simu, kabonyeza nyanya moja ya juu kwa kidole gumba, "hizi zishalainika bro", bei kapanga yeye. Ningempelekea nani na nyanya hazingoji? Toa nauli ya matenga, toa ushuru, toa wapakuaji, nimefika zangu Tandika na hela ya kula wiki mbili. Kesho yake nyanya hizohizo zipo gengeni, fungu la nne buku. Mimi nasema hela ya kilimo ipo, ila inalala mjini, shambani inapita tu. Mnasemaje?

— Pole mleta mada ila ulijitakia, umevuna wakati Ilula nzima inavuna. Nyanya unavizia masika, watu zinawaozea shambani we ndo unaingia sokoni. Halafu Ilula yote ya nini, mi niko Mkuranga na matikiti, nikitoka asubuhi saa tatu nipo Mbagala nauza mwenyewe, dalali namsikiaga tu.

— Nyie wakulima mnadhani mjini mteremko. Mwisho wa 2018 vikaja vitambulisho vya machinga, elfu 20, tukajua tumepona. Oktoba 2021 tukahamishwa barabarani, meza yangu ya viatu niliikuta mbao tupu, huko tulikopelekwa mteja ni wa kubahatisha. Hata hivyo shambani siendi ng'o.

— Si mchukue mkopo wa halmashauri? Ile asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, 4 vijana, 4 kina mama, 2 wenye ulemavu, ilisimama 2023 ila 2024 imerudi na haina riba.

— Mleta mada hapa. Mkuu wa mkopo, riba haina sawa, lakini nikikopa nikalima eka nne si nampelekea dalali yuleyule mzigo mara mbili? Mi ningekuwa na pa kuzihifadhi hata siku nne tu, tungeongea lugha moja. Na wewe wa masika, dawa za ukungu kipindi hicho umezipigia hesabu? Halafu njoo inbox, eka moja huko Mkuranga wanakodisha shingapi?