Mjadala: Vituo huru vya utafiti wa tiba vionyeshane takwimu za utendaji?

Mtoa mada
Wakuu, kila kituo kinachofanya majaribio ya dawa kinaandika mambo yaleyale: siku tangu mkataba kusainiwa hadi mshiriki wa kwanza kuingia, waliochujwa wakaonekana hawafai, waliojitoa katikati, ukiukaji wa itifaki (mpango ulioandikwa wa jaribio), maswali kuhusu data yaliyolala bila majibu. Kisha kila mmoja anafungia zake kabatini. Mdhamini, yaani kampuni au taasisi inayoliendesha na kuligharamia jaribio, anaona za vituo vyote kwenye jaribio lake. Kituo chenyewe hakijui kama siku zake 90 za kuanza ni uzembe au ndiyo kawaida ya kazi. Mimi nasema tupeane wenyewe kwa wenyewe.

Kwenye upasuaji wa moyo hili lilishafanyika. Mwaka 1987, huko Marekani, hospitali za Maine, New Hampshire na Vermont zilianza kukusanya matokeo yao pamoja. Madaktari wakarudishiwa takwimu, wakafundishwa mbinu za kuboresha kazi, wakatembeleana kuangaliana wanavyofanya. Ripoti yao ya 1996 ilionyesha vifo vya hospitalini baada ya upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo vilipungua kwa 24% chini ya vilivyotarajiwa. Hapakuwa na kundi la kulinganishia, sawa, lakini hakuna aliyefilisika kwa kumwonyesha jirani yake namba.

Mratibu wa utafiti
Mkuu, umeruka sehemu ngumu. "Waliochujwa wakaonekana hawafai" ni akina nani? Kituo kimoja kinapitia mafaili kwanza, kinawapigia watu simu, na asiyefaa anaachwa kabla hajafika. Kinahesabu waliotia saini fomu ya ridhaa tu. Kingine kinasainisha kila anayekuja, halafu damu ndiyo inaamua. Kwenye jedwali lako wa kwanza ataonekana hodari na wa pili ataonekana hovyo, wakati huenda wamepata washiriki idadi ileile kutoka kwa watu wale wale. Na siku za kuanza je? Wengine wanahesabu tangu mkataba, wengine tangu kibali cha kamati ya maadili. Hapo unalinganisha mwendo wa kamati, si wa kituo.

Ukiukaji wa itifaki ndio utatuua. Muuguzi mwaminifu ataandika kwamba sampuli ilichukuliwa nje ya muda uliopangwa, hata kama ni kwa dakika chache. Asiyeandika ndiye atakayeonekana safi. Ukiweka namba hiyo mbele ya wenzake, kesho naye hataandika.

Mwenye kituo
Mimi nina hofu mbili. Ya kwanza, tunagombea majaribio yaleyale. Jedwali likivuja kwa mdhamini, aliye mkiani amekwisha. Ya pili ni sheria ya ushindani, inayozuia washindani kupanga bei kwa pamoja. Mwongozo wa Marekani wa 1996 uliwapa watoa huduma za afya ahueni wakibadilishana bei na gharama kwa masharti: msimamizi awe mtu wa tatu, data iwe imepita miezi 3, watoaji wasipungue 5, asiwepo ambaye data yake pekee ina uzito zaidi ya 25% katika takwimu yoyote. Ulifutwa 2023. Sasa nani anajua mpaka uko wapi?

Mtoa mada
Ndiyo maana bei zisiguswe kabisa: ada kwa mshiriki, mishahara, bajeti, vyote nje. Tubaki na siku na idadi, msimamizi awe wa nje, na kila kituo kione namba yake na namba ya katikati ya kundi, bila majina. Kuhusu fasili, mratibu yuko sahihi. Zitangulie, hata kama zitakula mwaka mzima. Ila ukiukaji wa itifaki siutoi. Ubora bila huo ni kupeana vyeti.

Mratibu wa utafiti
Basi upangwe kwa aina. Ridhaa iliyosainiwa kwenye toleo la zamani la fomu, dozi iliyokosewa, asiyefaa aliyeingizwa kimakosa: hizo leteni. Ziara zilizochelewa kwa siku moja acheni. Jumla tupu sitaipeleka.

Mwenye kituo
Na mdhamini akiweka kwenye mkataba kifungu cha kutaka aione hiyo ripoti?