Dania imekosekana: niweke nini kwenye mchuzi wa ngege?

Mpishi_Manyatta: Wadau, nina samaki wawili aina ya ngege (tilapia), kama kilo moja hivi. Nawakaanga kisha nawatia mchuzi, na kachumbari pembeni. Dania ya mama mboga leo imenyauka na imetoa maua. Nyumbani kuna mnanaa, seleri, rosemari ya uani na unga wa mbegu za dania. Kipi kitafaa, kiasi gani, na nikitie wakati gani? Huo unga si dania ile ile?

Sufuria_Kondele: Mmea ni mmoja, harufu mbili. Mbegu inanukia utamutamu, karibu na ganda la chungwa. Ukinyunyiza unga juu ya mchuzi mwishoni kama unavyofanya na majani, utatafuna mchanga wenye harufu ya pilau. Mahali pake ni kwenye mafuta: vitunguu vikianza kugeuka rangi tia nusu kijiko cha chai, koroga sekunde 30, nyanya zifuate hapo hapo. Ukiuacha uungue, mchuzi umeshakuwa mchungu.

Cha kumalizia ni seleri, majani bila mabua. Pale ungeweka vijiko sita vya mezani vya dania iliyokatwa, weka viwili, maana ina nguvu. Dania hutiwa ukishaepua kwa sababu harufu yake hupotea na mvuke. Seleri inastahimili moto, hivyo itie dakika tano kabla. Ina chumvichumvi yake, onja kwanza. Ukiepua, kamulia nusu limau.

Jiko_la_Njoro: Rosemari iache uani. Hiyo ni ya mbuzi na viazi vya kuoka. Kwa samaki wa mchuzi inafunika kila kitu. Ukilazimika, kijiti kimoja urefu wa kidole, kizima, ukitoe baada ya dakika kumi. Usikikate. Vijani vyake havilainiki, vitachanganyika na miiba na mlaji hatajua anatema kipi.

Mboga_Kibuye: Mbona mnaitupa hiyo dania? Joto la Kisumu huifanya itoe maua mapema, lakini si yote iliyoharibika. Majani mapana ya chini bado ni mazuri. Yale membamba ya juu kama nyuzi ndiyo yamebadilika ladha. Kata ncha za mabua, simamisha fungu kwenye glasi ya maji baridi nusu saa. Kama halijawa njano wala halitelezi, litainuka. Mabua yakate vidogo sana, ukaange pamoja na vitunguu.

Kachumbari ndiyo ya mnanaa: majani manane kwa nyanya nne, basi, ukizidisha inanukia dawa ya meno. Yakunje pamoja uyakate kwa kisu kikali, uyatie wakati wa kupakua. Kisu butu huyaponda, na yakipondeka yanakuwa meusi.

Mpishi_Manyatta: Asanteni. Na pasli? Kuna fungu moja hapa dukani, sijui hata kama si dania.

Sufuria_Kondele: Sugua jani moja kati ya vidole unuse. Dania inakujia puani mara moja. Pasli inanukia majani mabichi tu, kwa upole. Kama ni pasli, weka kipimo kile kile cha dania. Itakupa rangi, harufu kidogo, kwa hiyo limau usilisahau.