Mrejesho: sensa ya msuli ya kubofya kompyuta

Wakuu, nimerudi. Niliomba msaada wa kumtengenezea mdogo wangu kitufe cha kubofya kwa msuli. Tangu aumie uti wa mgongo shingoni vidole havimtii, ila kiwiko anakikunja, na kishale anakisogeza kwa kichwa kupitia kamera. Shida ilikuwa sensa, ile inayosoma umeme mdogo wa msuli kwa elektrodi (pedi za kubandika kwenye ngozi), kubofya yenyewe hovyo hata akiwa ametulia.

Aliyesema nichomoe chaja ya laptopu, Mungu akubariki. Kumbe kelele ya umeme wa hezi 50 ilikuwa inaingia humo humo kwenye ishara ya msuli. Kutumia betri pia ni salama zaidi kwake. Elektrodi ya rejea (ya kulinganishia) nikaihamishia kwenye mfupa wa kiwiko, zile mbili za kusoma msuli zikafuata urefu wa msuli wa mkono wa juu. Mchoro wa ishara ukatulia siku hiyo hiyo.

Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kielektroniki inayopokea ishara, nimeiweka kando, nikachukua Arduino Leonardo, maana hiyo Leonardo kompyuta inaitambua kama kipanya moja kwa moja. Vizingiti viwili vya nguvu ya ishara, cha juu cha kubofya na cha chini cha kuachia, ndivyo vilivyomaliza mibofyo pacha.

Kuburuta mafaili kumeshindikana: msuli unachoka kabla hajafika. Pedi za jeli nazo, kwa joto hili la Dar, zinabanduka ikifika mchana, na kununua nyingine kila mara kunauma. Mkanda wa elektrodi kavu niliojaribu haukushika kitu.

Ila jana kanitumia meseji kaiandika mwenyewe, ananidai bando. Asanteni sana.