Kamba za msingi hazilingani, na zege ni Jumamosi. Nisimamishe kazi?

Mjenga Taratibu: Asalaam aleikum jamani. Najenga Barani, Malindi, mita 12 kwa 9, kuta za bloki. Mtaro tayari. Jana fundi alipoondoka, mimi na kijana wangu tulishika tepu tukapima kona kwa kona: huku mita 15.08, kule 14.92. Fundi ananiambia plasta itaficha. Roho haijatulia. Pesa hii nimeidunduliza miaka 6.

Fundi Mstaafu: Simamisha, mwanangu. Mita 12 kwa 9, kona zikiwa sawa, ni 15 kamili kote kuwili. Nyumba yako imelala upande kama sm 10. Plasta ya sm moja na nusu itaficha nini? Utakuja kuona kwenye vigae, na mabati yatakatwa mshazari. Kamba ya mbele usiiguse. Kona za nyuma zisogeze zote mbili sm 10 kuelekea upande unaofupisha ile ya 15.08, upime tena. Kisha mtaro uchongwe ufuate kamba, ukuta ukae katikati ya zege. Ukikaa pembeni, mzigo wote unaegemea upande mmoja.

Binti Sabaki: Mzee kasema kweli. Kabla ya kujenga mstari wa kwanza, upange kwanza mkavu, bila saruji. Bloki ya sm 39 na kiungo chake ni sm 40, kwa hiyo utaona mapema wapi patabaki kipande. Afadhali usogeze mlango kidogo kuliko kujaza vipande. Na viungo visipandane, ufa hushuka hapo hapo.

Wa Lamu: Ndugu yangu, mchanga wa ufukweni usiuguse. Mimi niliutumia. Mwaka wa tano linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, ikapasuka. Nilipobandua plasta, chuma kilikuwa kimevimba, kinamenyeka kama gome la mti. Nyumba za Mji wa Kale ni matumbawe na chokaa, hazina nondo ndani za kuliwa na chumvi. Zetu zinazo.

Mjenga Taratibu: Shukran sana. Leo asubuhi tumesogeza, fundi mwenyewe kashika tepu, zimepishana sm 1 tu. Sasa kisima changu maji yana chumvichumvi mdomoni. Ninunue ya mfereji?

Wa Lamu: Nunua. Hata ya kumwagilia linta.

Fundi Mstaafu: Na Jumamosi pima tena kabla zege halijamwagwa. Watu huzikwaa kamba.