Naomba ushauri: miwani ya uhalisia mseto kufundishia kusuka mota kwa mbali

FundiSteta: Wakuu, habari zenu. Nina karakana Unga Limited, Arusha, nasuka mota (naziwekea waya mpya wa shaba) za pampu na za mashine za kusaga. Nina vijana wawili Karatu ambao hawawezi kuhamia mjini, mmoja anamuuguza mama yake. Nawafundisha kwa video ya simu lakini somo halifiki. Juzi walisuka steta (sehemu ya mota isiyozunguka, yenye matundu ya kupachika waya) ya matundu 36, mota ya poli 4, yaani ncha nne za sumaku. Hapo kila fezi, kati ya fezi tatu za umeme, inakula matundu 3 kwa kila poli. Kijana akakosea tundu moja, nami kwenye simu naona msitu wa waya tu. Kuwasha, mota ikanguruma na kuchemka. Shaba yote ikang'olewa, na walikuwa wameinunua kwa kuchangishana. Iliniuma sana.

Kuna mtu anauza HoloLens 2 iliyotumika, miwani ya uhalisia mseto ya Microsoft. Ukiivaa unaiona kazi yako yenyewe, na juu yake mshale unakuonyesha tundu linalofuata. Niichukue?

Mtaalamu_Njiro: Mkuu, iache. Microsoft waliacha kuitengeneza 2024, na masasisho yake ya usalama yanakoma mwisho wa 2027. Miwani nyingine, Meta Quest 3S, ilitoka kwa dola 299, wakati HoloLens 2 ilianzia dola 3,500. Ila Quest haina kioo cha kuona moja kwa moja, unaangalia kupitia kamera. Waya mwembamba unaweza kukupotea. Na wakati wa kujaribu mota kwenye umeme waivue kabisa: picha ikiganda, mtu hana macho.

MamaPasua: Shikamoo fundi. Nafundisha ushonaji hapa Moshi, na baadhi ya mabinti nawafundisha kwa simu. Simu ifungwe juu ya meza iangalie mikono, asiishike mtu. Matundu yaandikwe namba kwa chaki, 1 hadi 36, kijana ataje namba kwa sauti kabla ya kuingiza koili (fungu la waya uliozungushwa). Lakini waya uvutwe kwa nguvu kiasi gani, hilo mkono hujifunza kwa mkono. Hakuna miwani itakayomwambia.

FundiSteta: Marahaba mama. Namba! Hata mwalimu wangu alinianzisha hivyo. Jumamosi naenda Karatu na steta mbovu mbili, tuzisuke pamoja. Mwenye Quest hapa Arusha, naomba niivae nusu saa tu, nione kama waya wa milimita 0.5 unaonekana.