Audacity, Reaper au Audition? Nataka kulipia wiki hii

KijanaWaKibokoni
Assalaam alaykum wana jukwaa. Nimepata kazi ya sauti na nataka programu moja nitulie nayo. Nimebakiwa na tatu: Audacity ambayo ni ya bure, Reaper ya dola 60, na Audition ambayo walipa kila mwezi. Mwenye kuzijua, ipi bora? Pesa napewa Ijumaa, sitaki zipotee bure.

AbuTraki
Waalaykum salaam. Bora kwa kazi gani? Kurekodi kaswida na kukata mahojiano ya redio ni mambo mawili. Kazi yenyewe nini, kompyuta gani, na mteja ataka umkabidhi nini mwisho wake?

Likoni_Feri
Reaper. Maliza maneno.

AbuTraki
Mwenzio hata hajasema afanya nini, wewe ushamaliza.

Likoni_Feri
Hakuna asichokiweza nayo. Aliyeiandika ni Justin Frankel, yule yule wa Winamp, ile programu ya zamani ya kuchezea muziki, na bado ni nyepesi hivyo hivyo: laptopu iliyochoka yaibeba. Wapewa siku 60 za kujaribu kila kitu bila kufungiwa. Ile dola 60 ni kwa mtu binafsi au biashara ndogo yenye mapato yasiyozidi dola 20,000 kwa mwaka, na leseni yabeba matoleo mawili makubwa. Walipa mara moja, wasahau.

Mchakacha
Na siku 60 zikipita?

Likoni_Feri
Bado yafunguka, ila yakukumbusha kulipa. Hapo ni wewe na Mola wako.

Bi_Nyali
Mimi nakata mahojiano na matangazo, na Audition siiachi. Ule mwonekano wake wa rangi wakuonyesha sauti kama picha: honi ya tuktuk katikati ya mazungumzo waiona kwa macho, waichora, waifuta, na maneno ya mtu yanabaki. Audacity nayo ina mwonekano kama huo lakini kazi yake ni ya kubahatisha. Ubaya wa Audition ni mmoja: mwezi usiolipa, haifunguki.

Mchakacha
Kwa nini alipe? Kuna duka wakuwekea Audition iliyovunjwa kwa mia tano.

Bi_Nyali
Na virusi wakupa nyongeza. Mwenye kazi ya mteja hathubutu.

KijanaWaKibokoni
Shukrani wote. Kazi ni kanda za kaseti. Kuna familia yataka kanda zao za taarabu za harusi za miaka ya themanini zitolewe kwenye kaseti ziwekwe kwenye flashi. Kompyuta ni HP.

AbuTraki
HP ndiyo jina la ukoo, twauliza jina lake. RAM kiasi gani? Diski ina nafasi gani? Kanda ngapi? Na wachezea kwenye nini?

KijanaWaKibokoni
RAM ni giga 4. Diski ni ya 128. Kanda sijazihesabu, zimejaa katoni. Deki nitaazima kwa ami.

FundiKanda
Basi wauliza swali la mwisho kabla ya la kwanza. Ngoja nikwambie, maana kanda za pwani nazijua.

Stirio ya kiwango cha CD, biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, yala kama megabaiti 10 kwa dakika. Kaseti ya dakika 90 hukaribia giga nzima. Audacity nayo usipoigusa mipangilio hurekodi kwa biti 32, kwa hivyo mara mbili. Kanda 30 tu ni kama giga 57, na diski yako ya 128 Windows ishakula sehemu yake. Kabla ya programu yoyote, nunua diski ya nje. Na uangalie imeumbizwa vipi: ikiwa ni FAT32 haikubali faili moja inayozidi giga 4, wajikuta kazi ya usiku kucha imekwama.

La pili ni deki. Unyevu wa bahari huleta ukungu kwenye kanda. Ukiona vumbi jeupe pembeni mwa utepe, usiicheze, utachafua kichwa cha deki na kanda zote zitakazofuata. Safi ndizo uanze nazo. Halafu kuna skurubu ndogo kando ya kichwa, yenye springi, ndiyo hurekebisha pembe ya kichwa kwenye utepe. Kila kanda ilirekodiwa na deki yake yenye pembe yake. Cheza, zungusha kidogo kidogo, sikiliza hadi tashkota, kile kinanda cha nyuzi cha taarabu, na herufi za "s" zing'ae. Usipofanya hivyo sauti huingia imezibwa, na nyuzi za juu ambazo hazikuingia hakuna Audition wala Reaper ya kuzirudisha.

Ukishapata hapo, Audacity yakutosha.

Likoni_Feri
Reaper yatosha zaidi. Ina ReaFIR, waionjesha mchakacho wa kanda nayo yautoa.

FundiKanda
Audacity ina hiyo hiyo: wachagua sekunde mbili za mchakacho mtupu kabla wimbo haujaanza, waisomesha, kisha wapunguza. Ila decibeli 6 mpaka 12, basi. Watu huvuta mpaka 30 halafu fidla yalia kama imo kisimani.

Ummu_Twaha
Naingilia kidogo. Msimtajie programu peke yake, mtajieni na kukabidhi.

Marehemu baba alikuwa msomaji wa Maulidi, na tulikuwa na kanda moja tu ya sauti yake. Tukaipeleka kwa watu wa kurekodi hapa mjini, siwataji. Wakachukua pesa, wakasafisha, wakatusikilizisha kwenye spika zao, tukalia. Tukapewa flashi. Nyumbani hatukuwa na kompyuta, ikawekwa kabatini na dhahabu. Ndugu yangu aliporudi kutoka Muscat akaifungua: mna faili moja la .aup, kilobaiti chache. Hamna sauti. Audacity ya zamani ilikuwa ikiweka sauti yenyewe ndani ya folda ya pembeni inayoishia na _data, na hilo faili dogo ni maelekezo tu. Folda hawakuinakili. Tukarudi kwao, kompyuta ilishafutwa. Tukauliza kaseti, wakasema waliturudishia siku ile ile. Hawakuturudishia. Mpaka leo mama akisikia habari za kurekodi hutoka chumbani.

AbuTraki
Mungu amrehemu. Ndiyo maana toleo la 3.0 la 2021 wakageuza, sasa mradi wote ni faili moja la .aup3.

Likoni_Feri
Ndiyo nikasema Reaper.

AbuTraki
Reaper ina ugonjwa ule ule, yakhe! Faili la .rpp ni maandishi tu, sauti ziko kwingine. Usipotia alama pale pa kunakili sauti zote kwenye folda ya mradi wakati wa kuhifadhi, utampa mtu karatasi tupu. Mteja mpe WAV, faili la sauti nzima isiyobanwa, basi. Mradi ni wako wewe.

Mchakacha
WAV kwa nini? Simu yataka MP3.

Bi_Nyali
Mpe zote mbili. WAV ya kuweka, MP3 ya kusikiliza kwenye gari. Kila ukifungua MP3, ukaikata na kuihifadhi tena MP3, kitu kinapungua.

Mchakacha
Sikio langu halijawahi kuona tofauti. Nyinyi mnasikiliza kwa macho. Kijana, ukimaliza zipandishe YouTube, taarabu ya zamani ina wasikilizaji Zanzibar mpaka Oman.

AbuTraki
Asithubutu bila ruhusa. Sheria ya Kenya hulinda rekodi ya sauti miaka 50 toka mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Ya 1984 bado mpaka 2034. Na mtunzi wa wimbo ana haki yake mbali, uhai wake na miaka 50 baada ya kufa.

Mchakacha
Lakini ni harusi yao! Amerekodi mjomba wao!

AbuTraki
Rekodi ni ya mjomba. Wimbo si wa mjomba.

Mchakacha
Kwa hivyo nusu ya YouTube ifungwe.

KijanaWaKibokoni
Jamani, mteja amepiga, pesa zimesogea wiki ijayo. Nimeanza kujaribu na Audacity kwanza. Ila deki ya ami yacheza polepole, waimbaji wanawake wamekuwa wanaume. Niongeze kasi ndani ya programu?

Likoni_Feri
Reaper huongeza kasi bila shida.

FundiKanda
Usiongeze. Hiyo ni belti imelegea, na ikilegea haichezi polepole kwa usawa, yaenda ikirudi, programu haitaifuata. Fungua kifuniko, toa belti, ilaze bapa upime, kisha utafute iliyo fupi kidogo kuliko hiyo, maana ya zamani ishavutika. Wala usitie mpira wa kufungia noti, nimeshaona deki tatu zimeuawa hivyo.

Bi_Nyali
Na umwambie ami kabla hujafungua hicho kifuniko.